Chupa Ikifika Shingoni

Nikikaanga perege jikoni kwangu, namkaanga mzima, kisha mkia nauvunja na kuuweka pembeni ya sahani. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Wanangu wameshazoea. Mdogo wao aliwahi kuniuliza kama mkia wa samaki una sumu, nikamjibu kwamba hauna sumu, ila una mwenyewe. Tangu tumzike dada yangu Yasinta, harufu ya samaki kwenye mafuta ya moto hainipi tena njaa. Inaniletea harufu nyingine iliyokuwa imejificha nyuma yake, ile ya spiriti na pamba, na kabla sijageuza samaki upande wa pili nakuwa nimeshakaa kwenye kigoda, miguu haifiki chini, natazama tone jekundu likijivuta lidondoke.

Mliokulia Babati wakati mkoa wa Manyara ni mpya mtanielewa nikisema kwamba mji mzima ulikuwa ukinuka rangi mbichi. Kabla ya hapo mtu akisema anakwenda mkoani alimaanisha Arusha, na alivaa sweta. Ghafla mkoani kukawa hapa hapa, na ofisi zikafunguliwa kwenye nyumba za kupanga, bosi sebuleni, karani chumba cha watoto. Kila mtu alikuwa mgeni na kila mtu alitaka kiwanja. Baba yetu alikuwa mpima ardhi, kwa hiyo tulimwona kwa nadra. Wiki hii yuko Bonga, wiki ijayo yuko Mutuka, na alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Sisi tulibaki Nakwa, katika nyumba ambayo mahindi ya jirani yaligusa dirisha la chumba chetu. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Mimi, Vero, nilikuwa darasa la pili, mjuaji kupita kiasi. Yasinta alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa na selimundu.

Neno hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Mama alitueleza kwamba damu ya dada inavunjika kabla ya wakati wake, na mimi nikaridhika, maana hata vikombe vyetu vilivunjika kabla ya wakati wake. Nilichokijua zaidi ni dalili zake. Wiki kadhaa angekuwa mzima, ananichapa na kunisuka kama dada yeyote. Kisha macho yangeanza kuwa ya manjano, angeinuka kitandani akishikilia ukuta, na akitumwa bombani angesimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Hapo Mama alisema, "Imeshuka," na hakuna aliyeuliza nini kimeshuka. Ilishuka karibu kila wiki ya tano au ya sita, hata Mama akawa na kikapu chake maalumu chenye shuka, sahani, chupa ya chai na kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa nailoni. Nyumba nyingine zilikuwa na siku ya mnada. Sisi tulikuwa na siku ya damu.

Siku zote niliachwa nyumbani. Lakini safari hiyo shule zilikuwa zimefungwa, na jirani aliyekuwa akimshika mtoto wetu alisema wazi kwamba angeweza mpaka saa tano tu. Mama akapiga hesabu zake na kuamua kwamba nitakwenda nao, na dripu ikishaanza kutembea vizuri yeye atarudi kunyonyesha na kupika uji, mimi nikae na dada. Njiani alinishika bega, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa kanisani.

"Vero, nisikilize. Damu ya leo ni ya Baba yako. Ametoa juzi, ndiyo kaenda porini. Hawezi kutoa tena mpaka miezi ipite, na pale friji ni tupu. Mfuko ni huo mmoja. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usicheze. Usitoke. Ukae umetazama."

Nikaahidi kwa moyo wangu wote. Nawaambieni mapema ili mjue kwamba yaliyofuata hayakuwa utundu.

Wodini tulipokewa na Sista Zuhura, nesi mnene mwenyeji wa Kondoa, ambaye alikuwa na tabia moja iliyomfanya Yasinta acheke kila safari. Alisimulia kila anachofanya, neno kwa neno, hata kwa mgonjwa aliyekwisha kusikia mara ishirini. Yasinta alikuwa akichezesha midomo pamoja naye bila sauti, na mimi nikijiziba mdomo.

"Sasa nakufunga mpira mkononi. Kunja ngumi. Utasikia kama siafu amekuuma. Usivute mkono. Haya, siafu kapita. Hii sindano ya chuma natoa, kinachobaki ndani ni plastiki laini, kwa hiyo unaweza kugeuka, ila usikunje mkono. Sasa utasikia ubaridi unapanda mpaka kwapani. Hiyo ni kawaida, damu imetoka kwenye friji. Robo saa ya kwanza tutakwenda polepole na mimi sitoki hapa. Ukisikia kuwashwa, ukitetemeka, kiuno kikiuma au kifua kikibana, useme hapo hapo, usinionee haya. Ikipita robo saa salama, tunaongeza mwendo. Saa nne sasa. Saa nane mchana isizidi, iwe imekwisha, maana damu ikishatoka kwenye friji haisubiri mtu."

Alimpima joto, akamshika mapigo, akakaa. Robo saa ikapita. Akasogeza kijigurudumu kidogo cha buluu kilichokuwa kwenye mpira wa dripu, na matone yakaongeza mwendo. Nilikipenda papo hapo kile kijigurudumu. Kidole kimoja tu, na kitu chote kinatii. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mlinzi wangu. Niko peke yangu wodi nzima. Mfuko ukikaribia kwisha, ukifika hapa shingoni, uje uniite. Sawa?"

Alikuwa ameeleza kila kitu, kuanzia siafu hadi ubaridi wa kwapani. Kitu kimoja tu hakusema. Hakusema ikiisha kinatokea nini.

Mama akaondoka. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi kutoka Mutuka, mwembamba, na yeye ametundikiwa chupa ya maji. Mwanawe alikuwa amemleta alfajiri na kurudi kwenye ng'ombe. Alinitazama kwa muda kisha akasema, kwa Kiswahili kizito cha watu wa huko, "Mjukuu. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe macho yako bado mazima. Angalia na chupa yangu. Ikifika shingoni, ita yule mama ya nguo nyeupe."

Nikawa mlinzi wa chupa mbili. Kama ningepewa ukuu wa mkoa mpya nisingejiona zaidi. Niligeuza kichwa kushoto, kulia, kushoto, kulia. Yasinta akasema nitavunjika shingo, akafumba macho. Ya bibi ndiyo iliyotangulia kufika shingoni. Nilikimbia, nikamwita Sista Zuhura, akaja, akaifunga, akaichomoa, akaniambia, "Hodari." Bibi akanitolea tabasamu lenye meno mawili, akageukia ukutani kulala.

Sijui ulipita muda gani. Kwa mtoto, muda wa kukaa hospitalini hauna kipimo. Najua tu kwamba Sista Zuhura alikuwa akipita na sinia, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili na kuweka vidole shingoni kwa bibi. Aliweka sinia chini polepole mno. Daktari akaja, pazia la kukunja likavutwa, na lilipofunguliwa shuka lilikuwa limepandishwa mpaka juu ya kichwa. Wanaume wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Mguu mmoja wa bibi ulikuwa umetokeza, na mwanamume mmoja akaufunika kwa adabu.

Hakuna aliyenisemesha. Wakubwa wa wakati ule, mtajua wenyewe, waliamini kwamba mtoto asiposemeshwa anakuwa hajaona. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nikawasha kibatari changu mwenyewe gizani humo. Nilipanga mambo kama nilivyofundishwa kupanga hesabu. Bibi alikuwa hai, chupa ikiwa na maji. Chupa ikaisha. Bibi akafa. Na aliyekwenda kuita watu waje kuifunga alikuwa mimi.

Nikainua macho kwenye mfuko wa dada. Ulikuwa umefika nusu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipiga kelele, au nililia. Sikufanya lolote. Nilikaa nikihesabu matone. Tone, tone, tone. Yalikuwa yakienda haraka mno, kama yana pa kwenda. Yasinta amelala, midomo myeupe, anahema kwa pumzi fupi fupi. Nikatazama mlangoni, Mama hayupo. Nikamtazama Sista Zuhura, yuko mwisho wa wodi ameinama kwa mgonjwa mwingine. Nikapanda juu ya kigoda, nikaweka kidole gumba kwenye kijigurudumu cha buluu na kukisukuma kidogo.

Matone yakapunguza mwendo. Nilihesabu mpaka tano ndipo tone likadondoka. Moyo ukatulia kidogo. Nikasukuma tena, nikahesabu mpaka kumi. Nikaona bado ni hatari, maana hata ukihesabu mpaka kumi, mwisho ni mwisho. Nikakisukuma mpaka kilipogoma. Tone la mwisho lilikaa pale juu, likavimba, halikudondoka. Mfuko ukabaki nusu. Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa, mikono chini ya mapaja, nikiwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa nimemwokoa dada yangu na Mama angemkuta hai.

Nililinda kazi yangu kwa bidii. Daktari alipopita nilisimama mbele ya mpira. Yasinta alihema zaidi, mbavu zikionekana kupanda na kushuka chini ya gauni, nami nikajiambia angalau anahema. Alikuwa na kiu ya damu ya baba yake, na damu ya baba yake ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake, nimeizuia mimi kwa kidole gumba. Hata leo, nikiwa mtu mzima, nikifika hapo nainuka na kutafuta kitu cha kufanya.

Sista Zuhura alirudi saa sita na robo. Nilijua saa kwa sababu aliisoma saa yake kwa sauti, akatazama mfuko, kisha saa tena.

"Hii mbona imesimama?"

Akafungua kijigurudumu. Tone halikushuka. Akapiga piga mpira kwa ukucha. Akavuta bomba la sindano lenye maji akajaribu kusukuma, likagoma. Nilimwona akikunja uso.

"Imeganda. Mshipa umeziba. Nani ameshika hapa?"

Yasinta akafumbua macho yake ya manjano, akanitazama mimi kwanza, kisha nesi.

"Ni mimi, sista. Nililalia mkono."

"Wewe! Wewe mzoefu wa dripu ndiyo unanifanyia hivi? Yasinta, tuna saa moja na dakika arobaini na tano. Ikipita hapo namwaga damu ya baba yako kwenye shimo, unanielewa? Namwaga, na sina nyingine!"

Akaichomoa kanula, ile plastiki laini. Ndipo nikaelewa kwamba nilichofanya hakikuwa kumwokoa mtu, ingawa bado sikuelewa kwa nini. Sista akafunga mpira mkono wa pili, akagonga gonga ngozi, akatafuta. Mishipa ya Yasinta ilikuwa imechoka kwa kuchomwa miaka na miaka, na sasa kwa kupungukiwa ilikuwa imenywea. Akachoma. "Siafu huyo," akasema, lakini kwa sauti isiyocheka. Hakukuwa na damu. Akachoma juu zaidi. Hakuna. Akachoma kiganja kwa nyuma, ukaonekana mshipa, ukakimbia. Yasinta hakulia. Aliuma shuka. Mara ya nne. Mara ya tano. Kila sindano ilipoingia ngozini mwake niliisikia mimi, na nilijua kwamba kila moja ilikuwa na jina langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tuliimbishwa darasani tukipiga makofi, ila siku ile kifo kilikuwa kinataka kuniumbua mimi kwa mwili wa mwenzangu.

Alipoanza kufunga mpira mguuni nilipasuka.

"Ni mimi! Sista, usimchome tena, ni mimi nilifunga! Nichome mimi!"

Sista Zuhura alibaki ameinama, mpira mkononi. Nilingoja kofi. Nililitamani.

"Ulifunga kwa nini?"

"Ya bibi iliisha, akafa. Mimi ndiye niliyekuita. Sikutaka ya dada iishe."

Mgonjwa mmoja wa upande wa pili alisema, "Yesu wangu," basi. Sista akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mtu aliyekuwa akihesabu dakika, akakaa. Akanivuta mpaka magoti yangu yakagusa yake.

"Sikiliza, Vero. Bibi alikuja hapa akiwa amechoka moyo wake. Yale maji hayakuwa uhai wake. Yalikuwa msaada tu, mtu anakushika mkono mnapanda mlima. Yaliisha kama yanavyoisha kila siku. Na moyo wake ukasimama. Ni mambo mawili, hayakusukumana. Hukumuua wewe. Ila hii," akaonyesha mfuko, "hii dada yako anaihitaji ndani. Huko juu haimsaidii kitu. Kwisha kwake ndiyo kupona kwake. Ni kosa langu, nilieleza yote nikasahau hilo. Haya, mama yako ameacha chupa ya chai? Ina maji ya moto?"

Ilikuwa na maji ya moto ya chai. Nilikimbia nayo kana kwamba nimebeba yai. Akayapooza kwenye beseni, akajaribu kwa kiwiko chake, akalowesha kitambaa na kukizungushia mkono wa Yasinta kuanzia kiganjani mpaka juu. "Mishipa ni kama paka," akasema, "inapenda joto." Akanipa mimi kazi ya kubadilisha kitambaa kila kinapopoa. Nilibadilisha mara tatu. Yasinta alikuwa amefumba macho na jasho limemtoka juu ya mdomo. Nikaanza kuona, chini ya ngozi ya mkono, mstari mmoja mwembamba wa kijani ukijitokeza, kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo.

"Usiguse," Sista akanong'ona, ingawa hakuna aliyekuwa akigusa. "Siafu wa mwisho, Yasinta. Kunja ngumi."

Damu ikarudi nyuma kwenye plastiki, tone dogo jeusi. Nikasikia pumzi ya Sista Zuhura ikitoka yote kwa mkupuo. Akaunganisha mpira mpya wa dripu, akatundika mfuko, akafungua kijigurudumu. Saa saba kasoro dakika tano. Damu ya Baba ikaanza kutembea.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui angelifanya nani mwingine. Alinionyesha kigoda kile kile. "Mlinzi wangu, kaa. Ikifika shingoni, niite." Akaondoka na sinia lake bila kugeuka nyuma.

Nilikaa. Naapa kwamba sikuwa nimeamini. Nilimsikia nesi, nilimwelewa nesi, lakini macho yangu yalikuwa yamemwona bibi. Mikono yangu niliifungia ndani ya sketi isije ikaniponyoka. Yasinta akageuza kichwa.

"Vero. Nikuambie kitakachotokea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwanza mfuko utanywea, utakuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Halafu kwenye hiki kikombe kidogo matone yataisha, ila kwenye mpira damu itakuwepo bado. Hapo Sista atafunga. Atapitisha maji kidogo, nitasikia ladha ya chumvi mdomoni, nitakunja uso hivi. Atachomoa, ataweka pamba, utanibonyezea. Halafu nitalala. Vero, hapo ndipo usiogope. Nitalala kwa sababu nimechoka, si kitu kingine. Tazama shuka. Litapanda na kushuka."

"Halafu?"

"Halafu nitaamka na njaa. Huwa naamka na njaa, muulize Mama. Nitaomba perege wa kukaanga. Mkia. Nitakuomba mkia."

Basi nikatazama. Mfuko ulinywea, ukawa kama kitambaa kilichokamuliwa. Nilimwita Sista ulipofika shingoni, na miguu yangu ilikuwa mizito kama ninakwenda kujishtaki. Matone kwenye kikombe yakaisha, na kwenye mpira damu ikabaki. Sista akafunga, akapitisha maji. Yasinta akakunja uso hivyo hivyo. Nikabonyeza pamba kwa vidole viwili mpaka vikawa vyeupe. Saa nane kasoro dakika kumi. Kila alichosema kilikuwa kimetokea, kwa mpangilio wake, na kilichobaki kilikuwa usingizi.

Alilala. Alilala akiwa amegeukia ukutani, vile vile kama bibi.

Sijawahi kutazama kitu kama nilivyolitazama lile shuka. Lilikuwa na maua ya zambarau, moja limefifia karibu na bega, na ua hilo ndilo nililolishika kwa macho. Lilipanda. Lilishuka. Mara likakaa chini muda mrefu, nikasimama, nikawa nimefungua mdomo kuita, likapanda. Nzi alitua juu yake nami nikamchukia kwa sababu alinichanganya. Mama akaingia na kikapu, uji, na vumbi la Nakwa miguuni, akaniona uso wangu, akasimama. Sista Zuhura alikuja nyuma yake. Nikajua sasa yatasemwa.

"Mama Yasinta," akasema, "huyu amekaa vizuri. Hakutoka hata kidogo." Halafu akaenda zake.

Shuka likapanda, likashuka. Kisha likageuka, na sauti yenye mikwaruzo ikatoka ndani yake.

"Mkia."

Nililia kwa sauti mpaka wodi nzima ikacheka. Mama alifadhaika, yeye kaleta uji na watu wanalilia samaki. Yasinta alikuwa na rangi midomoni. Jioni tulipita kwa mama muuza samaki karibu na stendi, na Yasinta akala mkia akiuvunja vunja kama biskuti, akanipa kipande kidogo chenye chumvi sana.

Tangu siku hiyo nilikwenda naye kila mara, miaka mingi. Nilijifunza kukariri maneno ya Sista Zuhura, siafu na ubaridi wa kwapani, nikawa nawaambia wageni wa wodi waliokuja na macho makubwa, na mwisho niliongeza maneno yangu: ikiisha, utalala, halafu utakuwa na njaa. Hata hivyo sikuwa nesi kama mnavyodhani. Nafundisha jiografia. Yasinta aliishi kuliko madaktari walivyotupa matumaini, akashona nguo za harusi za nusu ya mji, na kila damu iliposhuka akaniita.

Mara ya mwisho haikuwa damu. Mwili wake ulikuwa umechoka, figo na moyo vyote, na daktari kijana alituambia kwa upole kwamba wanampa maji na dawa ya maumivu tu, basi. Ilikuwa mchana, dirisha liko wazi. Nilikuwa nimekaa kando yake, miguu yangu siku hizi inafika chini. Alikuwa amefumba macho. Mfuko ulikuwa umenywea, unakaribia shingoni, nami, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nilijikuta nimenyoosha mkono, na kidole gumba kimekaa juu ya kijigurudumu.

"Naona," akasema, bila kufumbua macho.

Sikuutoa mkono.

"Hata siku ile nilikuona, Vero. Sikuwa nimelala. Nilikuona unafunga, nikakuacha." Akapumzika, akavuta pumzi nyingine. "Nilikuwa nimemwona bibi. Na mimi niliogopa, sikutaka iishe."

Miaka yote nilidhani aliongopa ili kunikinga. Kumbe tulikuwa wawili.

"Leo siogopi," akasema. "Iache iishe."

Nikauondoa mkono, nikauweka juu ya wake.

"Nikuambie kitakachotokea?" akauliza, na nusu ya mdomo wake ikatabasamu. "Nitalala."

"Halafu?"

Akageuza kiganja chake, akanishika vidole.

"Mkia utaula wewe," akasema.

Nilikwenda kumwita nesi ilipofika shingoni. Nesi akafunga, akachomoa, nikabonyeza pamba. Akageukia ukutani. Nikatazama shuka. Nililitazama jioni ile yote, na siku iliyofuata mpaka karibu na adhuhuri, likipanda, likishuka, na liliposhuka mara ya mwisho sikumwita mtu haraka.

Mkia sijaula bado. Naukaanga, nauvunja, nauweka pembeni ya sahani.